Siku Sauti Yangu Ilipohubiri Mimi Niko Nje

Bamama wenzangu, ninyi mnaonicheka kila nikipita sokoni Baraka na beseni langu la samaki wa ndagala, leo nawasimulia mwenyewe, maana kila mtu hapa mjini ana namna yake ya kuisimulia na kuna wanaosema nilizimia. Sikuzimia, nilikaa chini tu. Aibu yenyewe siwezi kuikana, kanisa zima ni shahidi, na wale waliokosa ibada siku ile walisimuliwa kabla hata bukari ya mchana haijaiva.

Yote yalianza na simu ya binti yangu Sifa. Sifa yuko kidato cha juu, anaimba kwenye chorale ya kanisa letu, na simu alipewa na shangazi yake wa Uvira bila sisi kuulizwa (mawifi, jamani, mawifi). Mimi nilitaka ifungiwe kwenye sanduku mpaka amalize shule, baba yake akataka aachiwe, tukavutana, tukanuniana, mwishowe tukakaa watatu mezani na kupatana hivi: simu haitawekwa code ya kuifunga, wakati wa kula na wakati wa mahubiri itakaa kwangu, lakini mimi sitafungua ujumbe wake hata mmoja.

"Na we maman ukifungua?" Sifa akauliza.

"Mi nifungue ju ya nini? Mi niko mutoto?"

"Ukifungua, telefone yako nayo itakaa kwangu wiki muzima."

Nikacheka, nikakubali mbele ya baba yake. Na mnajua simu yangu ndiyo kazi yangu, wateja wa Fizi wananipigia humo kuagiza ndagala, bila simu nakaa na beseni langu nikitazamana na nzi. Lakini nilikubali bila wasiwasi, kwa sababu moyoni mwangu mwenye kuchungwa alikuwa Sifa, siyo mimi.

Basi ikafika Jumapili. Siku hiyo Sifa alikuwa aongoze wimbo mara yake ya kwanza, chai ilimshinda, kilemba kinamfunguka kila akikifunga, mpaka nikamfunga mwenyewe kama mtoto mdogo. Chorale yetu haina mpiga kinanda tangu yule kijana Fiston alipopanda Fizi kusoma, kwa hiyo Fiston anapiga muziki huko huko, anaurekodi, anautuma kwenye simu ya Sifa, na simu ya Sifa inaupeleka kwenye bafle, ile spika kubwa ya kanisa, bila waya wowote (haya mambo ya bila waya mimi siyaelewi, na hapo ndipo nilipochimbiwa shimo). Asubuhi walijaribu, bafle ikaimba vizuri. Pasta alipopanda kuhubiri Sifa akaniletea simu kama tulivyopatana, akaninong'oneza, "Maman, chorale ikiitwa, uniletee mara moja."

Nikaiweka mapajani. Nikatulia. Kumbe haitulii yenyewe! Ikawaka: Fiston, na moyo mwekundu pembeni ya jina. Ikazima, ikawaka tena: Fiston, moyo. Na mimi ni mama, nina macho, nilijiambia mbona kijana wa kupiga kinanda anawekewa moyo, na moyo wenyewe mwekundu hivyo, pasta akaendelea kuhubiri na mimi nikawa sisikii tena hata neno moja. Nikajifunga kitenge vizuri, nikatoka polepole kama mtu anayekwenda chooni.

Choo kiko mbali, na jua lilikuwa kali, kwa hiyo nikasimama nyuma ya ukuta wa kanisa penye kivuli, kwa upande wa mimbari, pale ambapo ndani yake ndipo bafle ilipowekwa. (Kijana wa bafle aliniambia baadaye kwamba kama ningekwenda mpaka chooni, simu isingeifikia bafle. Kivuli kiliniponza.) Nikafungua. Ujumbe wote ni wa sauti. Nikabonyeza, nikaweka sikioni: kimya. Nikapandisha sauti, nikabonyeza tena: kimya. Nikapandisha mpaka mwisho kabisa, nikabonyeza tena kuanzia mwanzo, kimya tu, na kwa mbali nikasikia ndani watu wanacheka, nikajisemea leo pasta amechangamka, ona sasa ninakosa mahubiri matamu kwa ajili ya huyu Fiston.

Ninyi mliokuwa ndani mnajua mlichosikia. Mlisikia sauti ya Fiston inamkata pasta katikati ya neno: "Sifa, usiogope. Ukifika kwa refrain, upumue kwanza. Na umwambie maman yako aksanti ju ya ndagala alinitumia." Mara tatu! Mara tatu kanisa zima lilisikia kijana wa watu ananishukuru, na mimi nyuma ya ukuta natafuta dhambi yake.

Ningeishia hapo, ningekuwa mtu mwenye heshima hadi leo. Nikarudi kwenye orodha ya majina nitafute kwingine, kidole kikateleza kikagusa "Maman", yaani mimi, na zile sauti nilizomtumia Sifa zikaanza kujifuatanisha zenyewe, moja ikiisha nyingine inaingia. Mimi bado nasikia kimya sikioni, naipiga piga simu kwa kiganja. Ndipo nikasikia mama mmoja anaongea ndani ya kanisa kwa sauti kubwa, nikajiuliza ni nani huyu hana adabu, anaongea wakati wa neno la Mungu, na mbona sauti yake inafanana na yangu?

"Sifa, umwambie Mama Présidente niko na malaria, sitakuya ku kikao. Nikienda batanichukulisha ile pagne ya kuku. Muntu muzima sawa mimi, nivae kuku ku matako mbele ya Mungu?"

Wapendwa, pagne ile, kitenge chenye picha za kuku, ni sare ya bamama wa kanisa, na Mama Présidente, kiongozi wetu, ndiye aliyeichagua, na Jumapili ile walikuwa wameivaa wote. Kuku safu nzima! Nikabonyeza kila kitu kwenye ile simu, na kila nilichobonyeza kiliharibu zaidi, ikaingia ya pili: "Papa yako akiuliza, useme niko ku maombi. Niko kwa Mama Riziki nasukwa, tuko tunakula sambusa." Halafu ya tatu, hii nilimtumia kabla hatujapatana, nikiwa nimekaa humo humo kanisani, nanong'ona, na bafle ikaunong'oneza umati wote: "Sifa, huyu pasta ameanzia kwa Adamu. Akifika kwa Petro, uniamshe."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Siyo kuzimia, nilikaa tu, simu mkononi. Papa Sifa, ambaye ni wa protocole na siku hiyo alikuwa amevaa ule mkanda wake mwekundu wa kupokea wageni, akatokea kwenye kona ya ukuta, akanyoosha mkono akaizima ile sauti, akanitazama juu mpaka chini.

"Mama Sifa," akasema, "kumbe maombi yenu iko na sambusa?"

"Papa Sifa, nisindikize nyumbani."

"Nyumbani wapi? Banaita chorale."

Na kweli, ndani walikuwa wanaita chorale. Nikamkumbuka mtoto wangu, amesimama mbele ya watu wote, na muziki wake uko kwangu, nimeukalia hapa mavumbini. Nilitamani kupita kwenye mihogo ya jirani nikimbie mpaka ziwani. Lakini nikikimbia Sifa aimbe na nini? Nikainuka, nikapangusa kitenge, nikaingia kwa mlango mkubwa.

Ile njia ya katikati ya kanisa sijawahi kuiona ndefu hivyo, hata siku ya arusi yangu. Kuku upande huu, kuku upande ule, wote wananitazama. Mama Présidente alikuwa ameficha uso kwenye kitambaa, mabega yanaruka (mpaka leo sijui kama ni kilio au kicheko). Na pasta, Mungu ambariki, akashika mikrofoni akasema, "Mama Sifa, kuya tu, usiogope. Tumeshafika kwa Petro." Kanisa likapasuka. Hata wazee wa mbele walijipiga magotini kwa kucheka.

Nikampa Sifa simu yake. Nilitaka kumwomba msamaha, akaniwahi. Akaninong'oneza sikioni, "Maman, zenye zilikuwa mubaya zaidi nilishazifuta."

Siku zote hizo mimi naichunga simu ya mtoto nikidhani anaficha ya kwake, kumbe mtoto anaficha ya kwangu. Nikakaa nafasi ya kwanza niliyoiona, katikati ya kuku wawili, Sifa akapumua kabla ya refrain kama Fiston alivyomwambia, akaimba, na mimi nikalia mbele ya watu wote bila kujificha.

Jioni, kabla ya kula, nikaweka simu yangu mezani mbele yake bila kudaiwa. Wiki nzima Sifa alipokea wateja wa Fizi, kabla ya shule na baada ya shule, akaniletea kila agizo kwa mdomo, na siku aliponirudishia nikamuuliza, "Umesikiliza bintu byangu?"

"Hapana."

"Ata moja?"

"Maman, tulipatana."

Basi ndiyo hiyo. Ile mioyo nayo niliulizia: Sifa anawawekea watu wote, hata Mama Présidente anao, na mimi nina miwili. Simu ya Sifa siigusi tena, hata ikiungua mezani nitamwita mwenyewe aje aizime. Na Jumapili ijayo mkitaka kunicheka njooni mapema, nimekwisha shona pagne yangu, na fundi, kwa makusudi kabisa, kuku mkubwa kuliko wote amemweka pale pale nilipomkatalia.