Shukrani Kabla ya Kufungua Boksi

Baba yangu aliuza dume lake la plau ili anunue pumzi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kinu cha pamba, na vumbi la pamba likamkaa kifuani. Sasa hata kutoka kitandani hadi mlangoni, pale kwetu Ngulyati, kulimwacha ameshika ukuta, midomo imebadilika rangi. Daktari alisema anahitaji mashine ya kutengeneza oksijeni nyumbani. Mpya tusingeiweza. Mtumba utapatikana, nikasema mimi, mjanja wa simu. Kuna mnada mtandaoni.

Siku ya kuuza dume nilimpakia baba kwenye bajaji tukaenda mnada wa ng'ombe. Mnunuzi alimfunua dume mdomo, akamkagua meno, akamtembeza, akaridhika. Ndipo baba, kwa sauti ya kukatikakatika, akamwambia, "Mguu wa nyuma, huu wa kushoto. Mvua ikinyesha anachechemea." Bei ikashuka palepale. Nilitamani kumziba mdomo kwa kiganja.

"Mayu," akaniambia tukirudi, maana hivyo ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo, kama vile mimi ndiye mama yake, "kesho atamfunga plau. Si ataona mwenyewe?"

Kwenye mnada wangu mimi hakukuwa na meno ya kukagua. Kulikuwa na picha ya mashine nyeupe, safi, na maneno matamu chini yake: imetumika muda mfupi, oksijeni safi, haina tatizo lolote. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ile mashine ilikuwa imetembezwa hasa, kila nikifungua simu iko mbele yangu. Sikushtuka. Nilipandisha dau, mshindani akapandisha, nikapandisha tena muda ukiyoyoma, na niliposhinda nikaruka kwa furaha jikoni. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia na bado nilipiga vigelegele.

Mzigo ulikuja kwa basi, nikaupokea Bariadi stendi na kuufikisha nyumbani. Nilipochukua kisu kukata gundi ya boksi, baba akanizuia. Mnadani unakagua, mwenye mali amesimama mbele yako. Kilicholetwa nyumbani kwako ni kitu kingine: unashukuru kwanza, ndipo unafungua. Kufungua kwanza ni kumfanya aliyekuletea aonekane mwizi. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyotulea.

"Mwandikie," akasema. Akavuta hewa. "Mzigo umefika salama. Ni mzuri." Akavuta tena. "Umeniokoa, mwanangu. Wabeja sana."

Niliandika vyote hivyo, na ile wabeja nikaiacha kama ilivyo, maana hakuna asante ya Kiswahili inayotosha mahali pake. Kisha nikabonyeza pale palipoandikwa nimepokea na nimeridhika. Kumbe pesa yetu ilikuwa bado imeshikiliwa na wenye mnada, na kwa kubonyeza pale nikawa nimemkabidhi muuzaji pesa hiyo.

Mashine iliwaka. Ilinguruma vizuri kabisa, na mipira ya puani ilitoa upepo ukiweka mkono. Baba akafumba macho, akatabasamu. Lakini hali yake haikubadilika, na nesi jirani yetu alipokuja na kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni, namba ilikuwa ileile mashine ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Nikamwita fundi kutoka mjini. Akaifungua, akainusa, akatikisa kichwa. Sehemu inayochuja hewa ilikufa siku nyingi, akasema. Mashine inavuta hewa ya humu chumbani na kumrudishia mzee hewa ya humuhumu chumbani.

Nilimwandikia muuzaji. Akajibu kwa upole ulionichoma kuliko tusi. "Dada, mashine iliondoka kwangu nzima. Labda umeme wa huko kwenu." Nikamwambia baba yangu anakufa. Nikapeleka malalamiko kwa wenye mnada: picha, maelezo ya nesi, maelezo ya fundi. Nikapiga simu, nikawekewa muziki. Nilibembeleza, nilifoka, nililia nikizungumza na mtu aliyeniita ndugu mteja. Siku zikawa zinakatika na baba akawa halali tena, anakaa ameinama mbele, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka.

Jibu lilifika wakati namnywesha uji. Shauri limefungwa. Muuzaji ametoa ushahidi kwamba mnunuzi aliridhika. Na chini yake waliambatanisha ushahidi wenyewe: Ni mzuri. Umeniokoa, mwanangu. Wabeja sana.

Shukrani ya punda ni mateke, wanasema. Sikuwa na nguvu hata ya kutukana. Dume letu lilikuwa moja tu, nalo lilishauzwa, na hakukuwa na kingine cha kuuza.

"Ni wao?" baba akauliza. Alikuwa ameuona uso wangu. "Wamesemaje?"

Nikakiweka kikombe chini. "Wamekubali, baba. Muuzaji anatuma nyingine."

Akanitazama muda mrefu, kisha mabega yake yakalegea kidogo. Alinyoosha kidole kuelekea kwenye simu.

"Mwandikie," akasema.

"Pumzika kwanza, baba."

"Mwandikie." Akavuta hewa, haikutosha, akavuta nyingine. Kila neno lilimgharimu pumzi ambayo hakuwa nayo. "Mwambie... Mungu... ambariki. Mwambie... nilijua... ni mtu mwema."

Niliandika. Vidole vyangu viliandika kila neno, kwa sababu alikuwa anaangalia vidole.

"Umetuma?"

"Nimetuma, baba."