Mkono Nilioukwepa

Jumapili iliyopita binti wa jirani yangu, aliyekuja likizo kutoka chuo kikuu, aliketi mwisho wa benchi letu kanisani. Anasoma dini na tamaduni za dunia. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Huyu anasoma dini zote. Sasa ya kwake ipi?" Wakasogea mbali naye. Nikasogea na mimi.

Wakati wa kutakiana amani akaninyooshea mkono. Mimi, kiongozi wa jumuiya, nikajifanya natafuta ukurasa wa wimbo. Mkono ulikaa hewani kidogo, kisha akaufuta kwenye kitenge chake.

Nje akanisalimia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Usijali mwanangu, watu hawajazoea."

"Chuoni nimeandika kwamba kwetu Ufipa mgeni hakosi wa kumpokea. Nifute?"

Tangu biashara ya nje ifunguliwe, hapa Sumbawanga tunavaa mitumba kutoka nchi tusizozijua, wala hatuulizi ilivaliwa na watu wa dini gani. Mtoto wetu wenyewe tumeogopa kumgusa.

Kwa padri nimeshaungama. Kwa binti bado, na jana alipanda basi kurudi chuoni.