Wafuaji wa Kitambaa cha Meza ya Bwana

Kazini walimwita Pasi, na si kwa sababu ya kazi. Kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali kila mtu hupiga pasi, ila yeye peke yake ndiye aliyeunguza watu kwa maneno. Lakini Ijumaa ile hakuwa na neno la mtu. Aliingia zamu ya asubuhi macho yamemwiva, miguu imevimba ndani ya buti za mpira, na kwapani amebana mfuko wa plastiki kama mwizi wa kuku.

Ndani ya mfuko kulikuwa na kitambaa cha meza ya Bwana.

Kitambaa hicho kilikuwa cha mama yake, kama kitu cha kanisa kinaweza kuwa cha mtu. Mama alianza kukifua Pasi akiwa bado mtoto wa kutumwa chumvi. Alikuwa mjane, anafua nguo za watu, na kanisani hakuwa na sauti ya kuimba wala sadaka ya maana. Akamwambia mchungaji wa wakati ule, "Mimi kufua najua. Nipeni kitambaa." Wakampa, na hawakukiomba tena. Kila ilipokaribia Jumapili ya meza kilikuja nyumbani kwao, kikafuliwa, kikatiwa wanga, kikapigwa pasi mpaka ukiweka kikombe juu yake unaona haya.

Na mama hakupiga pasi kimyakimya. Tangu zamani, kila nguo iliyopita chini ya pasi yake, mwenyewe aliombewa. "Bwana, huyu wa kola chafu, mpe mke mwenye subira." "Bwana, huyu suruali zake zinazidi kulegea, mtazame, naona anaumwa na hasemi." Watoto wake walijifunza hapo kuomba na kuchekea kwenye mikono. Hawakuwa na sala nyingine ya familia. Ilikuwa hiyo, na mvuke, na harufu ya nguo moto.

Sasa mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na vidole vimekakamaa hata kufunga kifungo ni shughuli. Ukimgusia habari za kupumzika, ananuna.

"Nikifa mtakifua nyinyi," anasema. "Sijafa."

Kwa hiyo Pasi alikuwa na mpango wake. Mama anafua, anaanika. Pasi anangoja mama ajilaze, anakianua, anakifua upya, anakirudisha kwenye kamba ileile kwa vibanio vilevile. Kisha jioni wanapiga pasi pamoja, mama anashikilia pembe na kuomba, Pasi anasukuma pasi na kuitikia amina. Ile amina ilitoka mdomoni tu. Pasi aliacha kumwomba Mungu mwaka aliomzika mwanawe, mtoto wake wa pekee, aliyemfia wodini akiwa amekamata shuka kwa ngumi zote mbili. Lakini mama angeumia akijua, basi akaitikia. Miaka ikaenda hivyo.

Jumapili iliyokuwa inakuja haikuwa ya kawaida. Ilikuwa ile ya kila mwaka ya kuwaheshimu akina mama, na mwenyekiti wa akina mama, mwanamke mwenye sauti ya kuendeshea mnada, alikuja mwenyewe nyumbani.

"Mama yetu, wewe ndiye tutakayekuita mbele," alisema. "Kitambaa utakitandika kwa mkono wako, watu wote waone kazi yako."

Tangu siku hiyo mama alikuwa hatulii. Alhamisi akakifua kwa bidii zote, na kwa bidii zote akakiachia mistari ya sabuni na doa la chai kubwa kama sahani. Pasi aliporudi kutoka zamu mbili mfululizo, akakikuta kambani, akakitazama. Akajaribu kuinua mikono. Mikono ikakataa. Ndipo akawaza mashine ya kazini, ile kubwa inayomeza shuka za wodi nzima. Itashindwa na doa la chai?

Haikushindwa. Tatizo halikuwa mashine.

Hospitali ile ilikuwa na ugonjwa wa wodi kuibiana shuka. Kwa hiyo sheria ikawekwa: hakuna cheupe kitakachotoka chumba cha kufulia bila muhuri. Mwenye kuupiga alikuwa mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, naye wakamwita Muhuri. Pasi alikuwa amesimama palepale mashineni akikilinda kitambaa chake, msimamizi akamwita akasaidie kusukuma toroli lililokwama kwenye korido. Aliporudi, mashine ilikuwa wazi, imeshapakuliwa. Akakimbilia mezani kwa Muhuri.

"Muhuri! Hicho si cha hospitali!"

"Hakijaandikwa si cha hospitali," mzee akajibu bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo wewe kila cheupe unakipiga tu?"

"Ndiyo kazi yenyewe, dada yangu. Jana msimamizi alinichekea hapa, nusura nimpige kwenye meno."

Wenzake wakaangua kicheko. Pasi hakucheka. Kwenye pembe ya kitambaa, kwa wino mweusi, herufi nene kuliko kidole, paliandikwa WODI YA WANAUME.

Alisugua kwa limau. Akasugua kwa chumvi, akasugua kwa dawa ya madoa mpaka vidole vikamwasha. Muhuri alisogea, akavua miwani yake, akamtazama kwa huruma.

"Usijitese. Wino huo unachemshwa na hautoki. Kilikuwa cha nani?"

"Cha kanisani. Mama yangu anaitwa mbele nacho Jumapili."

"Yesu wangu," Muhuri akasema, na mara moja akarudi mezani kwake kupiga mihuri kwa adabu sana.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Pasi alikuwa akipanga uongo. Mama haoni. Wino hauna mwinuko, hata akipapasa hatajua. Ataikunja ile pembe ndani na kuishona, mama atandike, apigiwe makofi, arudi kukaa. Kilichomtisha ni watu wengine. Pembe iliyoshonwa mbio mbio wangeiona, wangefunua, na kazi yote ya mama ingeishia kuwa kichekesho cha nje ya kanisa, siku ileile aliyoitiwa heshima. Kitambaa kingine cha kuazima hakikuwepo, ila kile cha nailoni chenye maua, na mama angekitambua hata kwa kisogo.

Alimkuta mama ameshatandika blanketi juu ya meza, pasi imechomekwa, amekaa kitandani anangoja.

"Mbona nimepapasa kamba haina kitu?"

"Nimekianua, mama."

"Lini, na ndiyo kwanza unaingia? Lete."

Pasi akampa. Mama hakukipapasa. Alikileta puani, akanusa, akanusa tena.

"Kitambaa kinanuka dawa. Kilikuwa kinaumwa?"

Pasi alifungua mdomo autoe ule uongo alioushona njiani. Ukakwama. Akakaa kwenye kigoda, buti bado miguuni, akasema yote: mashine, toroli, Muhuri, wino. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Kimeandikwa wodi gani?"

"Ya wanaume."

Mabega ya mama yakaanza kumtikisika, na Pasi akadhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka anakohoa.

"Mimi tangu baba yenu afe sijalala nyumba moja na mwanamume," akasema akijifuta macho. "Leo kitambaa changu kimelazwa nao wodi nzima!"

Pasi akatabasamu kidogo, na tabasamu likamchosha. Mama akaacha kucheka.

"Sasa niambie. Kwa nini ulikipeleka?"

"Nimechoka, mama."

Hakuwahi kulisema. Lilipotoka likavuta mengine. "Nafua kutwa nzima, narudi nafua tena. Unachofua wewe nakirudia mimi, kila mara, miaka yote hii. Hukuwa unajua, basi leo ujue."

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua nini?"

"Mimi mikono yangu haikamui. Kitambaa nikikianika kinatiririka kama bomba. Nikiamka nakuta kimekauka nusu, kimenyooka. Malaika hawakamui nguo, mwanangu. Nilijua ni wewe."

Hapo ndipo pasi ilipopata moto.

"Ulijua ukaniacha?" Pasi akasimama. "Unanisikia ninavyotambaa kuingia mlango huu, unanisikia magoti yanavyolia, na ukaniacha nifue? Kwa ajili ya kusifiwa kanisani?"

"Keti."

"Siketi!"

"Basi simama, ila usinipigie kelele, macho ndiyo yaliyokufa, masikio mazima." Mama akavuta pumzi. "Hata mimi nimechoka. Unafikiri beseni lile napenda kuliinamia? Mgongo huu nikiinama naomba, nikiinuka naomba. Ningelikwisha kukirudisha zamani. Lakini tangu tumzike mjukuu wangu hujamfungulia Mungu kinywa. Kanisani unakaa kama gunia la makaa. Ni hapa tu, kwenye pasi, nikitaja mtu, nakusikia unasema amina. Nikajiuliza, nikiacha kazi hii, amina hiyo nitaisikia wapi?"

Pasi akaketi, taratibu.

"Mama," akasema, "amina hiyo nilikuwa naisema kwa ajili yako tu. Usihuzunike."

"Hilo nalo najua. Kwani ya kwanza kabisa uliisema kwa ajili ya nani? Ulikuwa hujaota hata meno. Uliisema ili upewe uji."

Juu ya meza pasi ilikuwa imepata moto wa kutosha, inatoa harufu ya blanketi. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuendeleza ugomvi, wala ya kuomba msamaha. Mwishowe mama akanyoosha kitambaa mezani, akashika pembe zake kama kawaida.

"Haya. Hiyo wodi ya wanaume kuna nani?"

"Sijui majina. Mimi naona shuka tu."

"Si ndivyo nilivyokuwa nikiwajua wangu? Niambie shuka."

Pasi akasukuma pasi. Hakuwahi kufikiri kwamba anawajua, lakini walikuja. Kuna wa dirishani, shuka lake hurudi limelowa jasho. Kuna anayeficha makombo ya mkate chini ya mto, huyo huenda kwao kulikuwa na njaa. Kuna mmoja shuka lake halina mikunjo hata kidogo, hajigeuzi. Mama akamtaja kila mmoja kwa maneno machache, na kwa yule wa mkate akaongeza kwamba apunguziwe panya. Pasi akaitikia.

"Basi?"

"Kuna mwingine," Pasi akasema. "Shuka lake hurudi limechanika hapa na hapa. Analikamata kwa ngumi."

Mama hakumwombea huyo. Alishikilia pembe zake akangoja, na pasi ikasimama juu ya kitambaa mpaka ikabidi Pasi aiinue kisiungue.

"Huyo," Pasi akasema. "Huyo, Bwana, mpe usingizi."

"Amina," mama akasema.

Walipofika kwenye pembe yenye muhuri Pasi akauliza kama aikunje ndani.

"Usikunje kitu. Tutakirudisha kama kilivyo, na sisi tujirudishe kama tulivyo."

Jumapili kanisa lilijaa. Mama akaitwa, Pasi akamshika mkono hadi mbele, wakatandika. Mwenyekiti wa akina mama alikuwa anapiga makofi, macho yakamtua kwenye pembe. Akainama.

"Mama yetu, geuza upande wa pili, watu wanaona," akanong'ona, na minong'ono yake ilisikika mpaka nje.

"Waone," mama akasema. "Kimepigwa muhuri kazini kwa binti yangu kwa bahati mbaya. Lakini ni safi, binti yangu ndiye aliyekifua, na amekifua yeye siku nyingi kuliko mnavyofikiri. Msinipigie mimi makofi ya mtu mwingine. Macho yangu yamekwisha na yeye mgongo umekwisha. Tunawarudishia. Kifueni."

Watu wakatazama viatu vyao. Kuna waliocheka, kuna waliokohoa. Mchungaji akamgeukia mwenyekiti, mwenyekiti akamgeukia katibu wake, katibu akawa anatafuta kitu kwenye mkoba. Basi mwenyekiti, amebana midomo, akasema kitambaa angekichukua yeye mpaka wapange zamu. Ikawa hivyo. Hapakuwa na machozi wala vigelegele. Pasi akamrudisha mama, wakaketi benchi la mbele.

Kisha mchungaji akawaomba akina mama wote wasimame waombewe. Wakasimama. Pasi akabaki ameketi, kama alivyobaki ameketi kila mwaka, anahesabu misumari ya benchi. Mkono uliokakamaa ukamshika kwapani, ukamvuta.

"Simama."

"Mama, mimi sina mtoto."

"Ulizaa," mama akasema. "Simama."

Akasimama. Hakusikia neno hata moja la maombi yale, masikio yalikuwa yanavuma, lakini alisimama hadi mwisho.

Mahubiri yalikuwa marefu. Mchungaji alikuwa bado hajafika hata katikati, kichwa cha Pasi kikaanza kulala upande, kikainuka, kikalala tena, kikatua kwenye bega la mama yake, mdomo wazi. Mzee wa kanisa akaja kwa ncha za vidole amwamshe, maana mbele kule kila mtu anaona.

"Mwache," mama akamwambia, akijisogeza bega likae vizuri. "Kesho ana zamu."