Mamluki Watatu na Kemistri ya Magomeni

Wenzangu tuliokulia Magomeni ya Mtwara miaka ile ya tisini mwanzoni, hebu tukumbushane kidogo, maana watoto wetu wanadhani mpira ulizaliwa ndani ya runinga. Sisi mpira tuliutengeneza wenyewe. Unaokota mifuko ya nailoni, unaijaza matambara, unaizungushia kamba ya gunia mpaka vidole vinauma, na ukiudundisha haudundi, unakaa palepale kama tonge la ugali lililoanguka. Lakini ulikuwa mpira. Magoli yalikuwa kandambili mbili kila upande, na mwenye kandambili akigombana na mtu anazivaa anaondoka, goli linakwenda kulala kwao.

Juzi nilikuwa sebuleni kwangu, siku hizi naishi Rahaleo, nataka taarifa ya habari. Wapi! Runinga imekaliwa na mwanangu Karimu, wa miaka kumi na minne, na Neema, binti wa mwalimu jirani yetu. Wanacheza gemu la mpira na wanabishana mpaka mishipa ya shingo imewatoka. Karimu kajaza mastaa wa bei mbaya kumi na mmoja, na Neema kamfunga matano kwa timu ya watu ambao hata mmoja simjui. Nikauliza kulikoni.

"Baba, kemistri yangu iko chini," akasema Karimu.

Kemistri ninayoijua mimi ni ya kidato cha pili, na hatukupendana. Wakanifundisha. Kumbe kwenye hilo gemu wachezaji wanaungwa kwa vimstari. Wakiwa wa klabu moja au nchi moja, mstari unakuwa wa kijani na wanacheza vizuri. Wakiwa hawana uhusiano, mstari mwekundu, na hata awe staa wa namna gani anacheza kama mtu aliyetoka kuumwa malaria. Karimu akasema huo ni uonevu, staa ni staa popote, na gemu la zamani lisilo na mambo hayo lilikuwa tamu zaidi. Neema akamcheka. "Bila kemistri si kila mtu atajaza mastaa tu? Sasa hapo kuna mpira gani? Eti Baba Karimu, nani mkweli?"

Wote wawili wakanigeukia. Nilikuwa nimeshamkumbuka Saidi.

Saidi alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulikimbia mchakamchaka pamoja alfajiri shuleni, mafagio begani. Mama yangu akichemsha ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, alipakua sahani moja ya sisi wawili, na pilipili ilipotutoa machozi kila mmoja alimcheka mwenzake. Tuliingia jando mwaka mmoja na tukalia siku moja, ingawa yeye ukimuuliza atakuambia hakulia. Uwanjani mimi nilikuwa nahodha, nacheza kati, yeye wingi ya kushoto. Bukta yake ilikuwa imekatika mpira wa kiunoni, kwa hiyo kabla ya kukimbia ilibidi aishike kwa mkono. Wapinzani walidhani anaona haya. Mimi nikiuona ule mkono tu, najua anatoka, napiga mpira mbele bila kutazama, naye anaufikia. Hatukuwahi kukaa chini tukapanga hivyo. Ilikuja yenyewe, kwa kuwa pamoja kila siku ya Mungu.

Sasa mnakumbuka msimu wa korosho ulivyokuwa unatuvunjia timu. Mabibo yakianza kuanguka, nusu ya mtaa inahamia mashambani. Watoto wa wafanyakazi wa serikali na wa bandarini wanabaki mjini na daftari zao. Wale wengine, kila ukoo unavuta watu wake. Akina Saidi shamba lao lilikuwa Nanyamba, na wakienda wanakaa wiki nyingi. Baba yake hakuwa mtu wa mzaha. "Mpira haujazi gunia," ndiyo kauli yake.

Mwaka huo mwenye duka mmoja alitoa mpira wa ngozi, mpya, unanuka dukani, ushindaniwe na Magomeni na Rahaleo. Jamani, mpira wa ngozi! Nilimpa salamu utingo wa lori linalokwenda Nanyamba: mwambie Saidi mechi Jumamosi, asikose. Jibu likarudi kwa lori hilohilo: nakuja.

Hapo ningetulia. Sikutulia. Wiki nzima nilisikia Rahaleo wanafanya mazoezi asubuhi na jioni. Nikajiambia Saidi hajagusa mpira tangu msimu uanze, atakuwa mzito. Nikatoka mtaani kutafuta mamluki, yaani wachezaji wa kuazima. Nikapata watatu, mafundi kweli, kila mmoja anaimbwa mtaani kwao. Kwenye karatasi ya hesabu nikapanga timu, na pale wingi ya kushoto nikaandika jina la mtu ambaye nilikuwa nimemfahamu kwa siku mbili.

Jumamosi asubuhi Saidi akashuka kwenye lori, juu ya magunia. Alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja, na ili aipate aliokota sehemu yake na ya mdogo wake siku nne mfululizo. Vidole vilikuwa vyeusi, ngozi inabanduka kwa mafuta makali ya maganda ya korosho. Alikuja na kifurushi cha korosho za kukaanga, akawagawia wote pale, na wale mamluki wakajipakulia kuliko wenyeji. Alikuwa anacheka, bukta ameifunga kamba mpya kabisa.

Nikamwita pembeni. Nikasema, "Saidi, leo anza kukaa kwanza. Tushikie nguo."

"Sawa, nahodha," akasema, akaenda kukaa kwenye gogo la mnazi.

Wenzangu, tulipigwa! Wahenga walisema fahari wawili hawakai zizi moja, sisi tulikuwa nao watatu. Kila mmoja akipata mpira anataka apige chenga mpaka mama yake aitwe. Mimi nafungua pasi kushoto kama nilivyozoea, mpira unapita, unakwenda kwa mwuza maji. Yule fundi wa kushoto ananifokea, "Unampa nani?" Kweli, nilikuwa nampa nani? Mpaka mapumziko tulikuwa tumefungwa matatu na wao kwa wao wanatukanana.

Nikakimbia kwenye gogo. "Saidi, ingia."

Nguo zetu alikuwa amezikunja moja moja, za kila mtu mahali pake. Akasimama, akajipangusa mchanga. "Lori linarudi sasa hivi," akasema. "Nikilikosa baba atanihangaikia." Hakununa wala hakupandisha sauti. Angenitukana ningepona. Aliondoka kwa miguu kuelekea stendi, na nikarudi uwanjani kufungwa mengine mawili.

Mama alipopata habari aliacha kuchochea moto. "Korosho zake mmekula," akasema, "nafasi yake mmempa nani? Akirudi, nenda kwao ukamwombe radhi, usingoje akufuate." Nikaitikia. Lakini msimu ulipokwisha akina Saidi hawakurudi Magomeni. Mzee wao aliamua wabaki Nanyamba moja kwa moja, na Saidi shule akahamia hukohuko.

Basi juzi nikawajibu wale watoto. Nikamwambia Karimu, hapa Neema kakushinda, kemistri imelisaidia gemu lenu, maana mastaa kumi na mmoja si timu. Mimi watatu tu walinitosha. Ila na lenyewe lina upungufu. Nilimwona Karimu akimtoa beki wake, akaweka mwingine, hakumpenda, akabonyeza pedi akamrudisha yule wa kwanza. Mstari ukawaka kijani papo hapo. Nikamuuliza, "Ulipomtoa, hakuumia?" Akanitazama kama anayemtazama mzee aliyeanza kuzeeka vibaya. "Baba, ni gemu." Sawa. Watoto wa siku hizi wana bahati, mtu wao wakimwacha nje anawangoja na moyo uleule. Wa kwetu walikuwa wanapanda lori.

Mwaka juzi nilikwenda msibani Nanyamba. Baada ya mazishi tukakaa kula, na mtu mmoja mwenye ndevu nyeupe akaja kubanana nami kwenye sinia. "Nahodha!" Nilimjua kwa kicheko. Tukakumbatiana, tukaulizana wazee, nani yupo na nani katangulia. Ile radhi aliyoniagiza mama nikaiombe nilikuwa sijaiomba bado, nikaona leo ndiyo leo, nikafungua mdomo. Yeye akanitangulia, akawaita wanawe wawili, vijana wakubwa, waje kunipa shikamoo.

"Mtazameni huyu vizuri," akawaambia, mkono begani kwangu. "Mimi na huyu tulicheza mpira Magomeni miaka yote ile, na hatukufungwa hata siku moja."

Vijana wakanitazama wanangoja nithibitishe. Nikapiga hesabu kimoyomoyo, mechi baada ya mechi, na Saidi hakuwa ameongopa. Siku zote alizocheza hatukufungwa.

"Ni kweli," nikasema, na ile radhi nikarudi nayo Rahaleo.