Gitaa la Msonobari la Ardith Boersma

Ardith Boersma alikuwa na jina baya mjini Kalamazoo, na jina hilo alilitafuta mwenyewe kwa mdomo wake. Alimwambia mpiga ngoma wa bendi yake kwamba anapiga kama mtu anayetafuta viatu gizani. Mchungaji alipomwomba apige gitaa kanisani, alijibu kwamba atakuja siku kwaya itakapojifunza kuanza pamoja. Mchana alikuwa akichanganya rangi za nyumba dukani, na kila Ijumaa jioni alipiga gitaa kwenye ukumbi wa wanajeshi wastaafu, watu wakila sangara wa kukaanga na kachumbari ya kabichi. Hakuna aliyebisha kwamba alipiga vizuri kuliko wote. Ndiyo maana walimvumilia.

Waliomkera kupita kiasi ni wale aliowaita wanusa-mbao. Hawa ni wanaume waliogundua uzeeni kwamba gitaa la umeme linaweza kutengenezwa nyumbani, wakanunua mashine zote, wakaanza kuzungumzia mbao jinsi wengine wanavyozungumzia mvinyo. Mkubwa wao alikuwa Roland Vandermolen, aliyeuza mabwawa ya kuogelea maisha yake yote na sasa amestaafu bila kupunguza maneno. Kila Ijumaa alikuja na bia yake hadi ukingoni mwa jukwaa.

"Dada Ardith, sikiliza. Mkangazi mzito, juu yake ubao wa mepo wenye mawimbi. Sauti inakaa, haikimbii. Mjomba wangu alikuwa kiwanda cha magitaa hapa mjini, haya mambo yako kwenye damu."

"Mjomba wako alikuwa kiwandani," Ardith alisema. "Kila mtu mji huu ana mjomba aliyekuwa kiwandani. Wangekuwa kweli wote mle ndani, magitaa yangetengenezewa wapi? Barabarani?"

Roland alicheka. Hakuna tusi lililopenya ngozi ile, na hilo pia lilimkera Ardith.

Tatizo lilikuwa bega. Gitaa lake la zamani lilikuwa zito kama mtoto aliyelala, na kwa miaka mingi mkanda wake ulikuwa umeukalia mfupa wa bega la kushoto mpaka mkono ukaanza kufa ganzi katikati ya wimbo. Daktari, kijana mwenye soksi zenye picha za bata, alimshauri apumzike, ikiwezekana aache kabisa. Ardith alimtazama soksi, akamtazama uso, akachukua koti lake.

Jioni ile alimwambia mumewe, "Nitajitengenezea langu. Jepesi."

Gordon alikuwa akitazama mpira wa magongo wa barafuni. "Wewe? Si ulisema wanaotengeneza magitaa ni watu waliokosa wajukuu?"

"Wao wanatengeneza ya kutazama. Mimi nataka la kupiga."

"Haya, mama," alisema Gordon, akaongeza sauti ya televisheni.

Jumamosi akaenda kwenye ghala la mbao. Hakugonga ubao wowote kwa kidole na kutega sikio kama wanusa-mbao. Alikwenda safu hadi safu akiunyanyua kila ubao kwa mkono wa kushoto, ule mbovu, na uliomuuma aliurudisha. Mkangazi ukarudi. Mwaloni ukarudi, na neno chafu juu yake. Mwishoni akabaki na ubao mpana wa msonobari mweupe, mkavu, wenye vifundo viwili, mwepesi kiasi kwamba aliushika huku akijikuna pua.

Roland alikuwapo, bila shaka. Watu wa namna ile huishi mle.

"Msonobari!" alipiga kelele mpaka wauzaji wakageuka. "Dada, huo tunatengenezea makabati. Huo tunazikia watu!"

"Basi nitakuachia kipande."

"Angalau nikupe maelekezo. Nina kitabu kizuri, kina michoro…"

"Nina tepu ya kupimia, na nina gitaa langu la zamani la kuigia. Kitabu kikae na mjomba wako."

Kwa wiki kadhaa gari la Gordon lililala nje kwenye theluji, na Ardith akalimiliki banda la gari. Alikata mwili wa gitaa kwa msumeno wa kukodi, akaupiga msasa mpaka vumbi likaingia kwenye supu. Shingo aliinunua ikiwa tayari, ya mepo, nyembamba, ya kutosha kiganja chake kidogo, baada ya kuwarudishia wauzaji mbili alizosema ni miguu ya meza. Sumaku za kunasia sauti alizichagua za aina ya kale, zenye ukali kidogo, kwa sababu alitaka watu wamsikie hata wakitafuna. Waya alilehemu mwenyewe, akaungua kidole, akamlaumu Gordon aliyekuwa jikoni. Rangi alichanganya dukani kwa saa yake ya mapumziko: kijani cha milango ya shule za zamani. Kila mtu aliyeiona aliiona mbaya, naye akafurahi.

Likabaki daraja, kile kipande cha chuma kinachoshika nyuzi upande wa chini. Ardith akapima umbali wake kutoka mwanzo wa shingo kwenye gitaa la zamani, akauhamishia kwenye jipya, akatoboa, akakaza skrubu.

Akamwita Gordon aje asikie. Akapiga nyuzi tupu, zikalia safi, kali, tamu. Gordon akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kisha Ardith akapandisha vidole juu ya shingo, na kadiri alivyopanda ndivyo sauti zilivyozidi kugombana, mpaka huko juu kabisa zikawa kama mashemeji kwenye mazishi.

Gordon akakuna shavu. "Ni masikio yangu, au?"

"Nyuzi mpya. Hazijanyooka."

Kesho yake zilikuwa zimenyooka, na lilikuwa vile vile. Akalaumu spika. Akalaumu baridi. Akalaumu kiwanda cha nyuzi na watu wote wanaofanya kazi humo. Hatimaye akaketi juu ya ndoo ya rangi na magitaa yote mawili mapajani, akapima shingo ya hili na shingo ya lile. Shingo mpya ilikuwa ndefu kuliko ya zamani. Kila shingo hudai daraja mahali pake. Yeye alikuwa ameipa shingo mpya daraja la mwenzake. Jambo la kwanza kabisa ambalo kitabu chochote chenye michoro kingemwambia.

Yale maneno aliyowarushia watu miaka yote akajirushia yeye mwenyewe, na mengine mapya. Kisha akavaa buti. Kutoboa tena mahali sahihi kulihitaji drili ya kusimama, isiyoyumba, na mtaa mzima drili hiyo alikuwa nayo mtu mmoja.

Roland alifungua mlango, akaliona gitaa, akaliona daraja, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeletewa keki.

"Usiseme," alisema Ardith.

"Sisemi."

Alisema. Alisema alasiri nzima, chini kwenye karakana yake iliyofagiliwa kama hospitali, huku akiziba matundu ya zamani kwa vijiti vya mbao na gundi. Alieleza urefu wa shingo, historia ya urefu wa shingo, na jinsi mjomba wake alivyouelewa urefu wa shingo. Ardith aliuma meno. Lakini mkono wa mzee yule haukutetemeka, na matundu mapya yalikaa pale hasa yalipotakiwa, na Ardith, aliyejua kazi nzuri akiiona, alilazimika kunyamaza. Kunyamaza huko kulimuuma kuliko bega.

Ndipo alipoona gitaa la Roland ukutani. Mkangazi mwekundu, uso wa mepo wenye mawimbi kama maji yaliyopulizwa, vanishi ya kujitazamia. Lilikuwa zuri mno. Halikuwa na uzi hata mmoja.

"Hilo ndilo la kwanza lako? Ulilomaliza zamani?"

"Ndilo."

"Nyuzi ziko wapi?"

Roland akaanza kufuta drili iliyokuwa safi tayari. "Bado nasubiri vanishi ikauke."

"Roland. Vanishi hiyo imekauka kuliko mkeo."

Kwa mara ya kwanza hakucheka. "Nikilitia nyuzi," alisema polepole, "nitajua lilivyo. Sasa hivi ni zuri."

Ardith alimtazama. Mwanamume mzima, mdomo mpana kama mlango wa ghala, na alikuwa akiogopa kipande cha mbao. Alitafuta neno la kumchoma nalo, akayapata matatu, yote mazuri.

"Leta nyuzi," alisema badala yake. "Haraka, nina watu nyumbani wanataka kula."

Akazifunga mwenyewe, akachomeka waya, akapiga. Roland alikuwa amegeukia ukuta.

"Haya?" aliuliza bila kugeuka.

"Linalia kama gitaa."

"Kama gitaa zuri?"

"Kama gitaa, Roland. Ulitaka lilie kama ng'ombe? Ni zito kama kaburi, lakini shingo imenyooka na sauti ziko mahali pake. Kuna watu hawawezi hata hilo." Akachomoa waya. "Mimi mmojawapo."

Roland akageuka. Macho yalikuwa yamelowa, na Ardith akajishughulisha kukunja waya, maana kulia kwa watu wazima kulimchosha.

Ijumaa ya pili ya Kwaresima alipanda jukwaani na lile la kijani. Mtu mmoja kwenye meza ya mbele aliuliza kama ni mlango uliokatwa. Ardith alimwambia ndiyo, na kwamba autumie kutokea. Kisha akapiga jioni nzima, kutoka chini ya shingo hadi juu kabisa, mkono wa kushoto ukiwa hai vidoleni, na alipoutingisha kati ya nyimbo alishangaa kwamba hakuna kilichouma. Hakutabasamu, ila Gordon aliyemjua aliona amesahau kumkaripia mpiga ngoma.

Karibu na mwisho akamwita Roland juu na gitaa lake la mawimbi. Watu wakapiga makofi kwa uzuri wake tu. Roland akakoroga wimbo rahisi kuliko yote duniani, akachelewa kubadili vidole kila mara, na Ardith akamfokea kwenye kipaza sauti, "Badilisha! Badilisha, wewe muuza mabwawa!" Ukumbi ukaangua kicheko, na Roland akacheka zaidi yao, jasho likimtiririka. Ardith akarudi hatua nyuma, akapunguza sauti ya spika ya Roland, na wimbo ukaendelea vizuri.

Hakumwita tena mpaka Pasaka ilipopita, na hata hapo ni kwa wimbo mmoja tu.