Mkono wa Mke Wangu Kwenye Friji ya Mpishi

Jumanne, tarehe kumi na saba, saa tisa na robo alasiri, nilimsikia mwanamume mwingine akisema bado anausikia mkono wa mke wangu.

Mke wangu alikuwa na miezi mitatu kaburini.

Sitanii. Nilikuwa nimesimama kwenye ujia wa nyuma, kati ya magunia ya vitunguu na makreti ya bia, na haya masikio yangu mawili yalisikia.

"Yule mama, wee acha tu," alisema. "Mkono wake nausikia mpaka leo."

Kisha akacheka kidogo. Kicheko cha mtu anayekumbuka kitu kitamu.

Aliyesema ni mpishi, mwenye baa ya chakula pale kona ya mtaa wetu. Alipikia melini miaka kumi pamoja na Wajapani na Wakorea, akarudi na visu vyake, akafungua. Mishikaki ya kuku juu ya mkaa, supu za tambi, bia baridi, na kabichi ya kuchacha yenye pilipili, wanaiita kimchi. Watu wakajaa kama siafu.

Mke wangu ndiye aliyekuwa akiichachusha hiyo kabichi.

Mimi sikuwahi kukanyaga humo. Miaka mitatu aliyofanya kazi, sikukanyaga.

Kwa nini? Nitasema ukweli, maana uongo umenichosha. Wivu.

Alikuwa akirudi ananukia ufuta na kitunguu saumu, na mdomoni ni mpishi, mpishi. Mpishi kasema chumvi yangu haijawahi kukosea. Mpishi kasema wateja wameniulizia.

"Wewe hujawahi kunisifia hata siku moja," aliniambia.

"Mtu anasifiwa kwa kupika kwake?"

"Basi twende Jumamosi, ule, uone kazi yangu."

"Na vidonda vyangu vya tumbo? Nile pilipili nife, mpishi wako afurahi?"

Hakuniomba tena.

Halafu presha ikamwangusha. Ilimwangusha sokoni, kashika kabichi mkononi. Watu wakasema ni kazi ya Mungu. Mimi nikauliza, sokoni alitumwa na nani? Wakubwa ndivyo walivyo: jasho lako wanachukua wao, jeneza wanakuachia wewe.

Mpishi alikuja msibani na sufuria kubwa la supu. Sikuionja. Baadaye akatuma ujumbe mara tatu: "Shemeji, njoo uchukue mzigo wako." Nikajua ni aproni na kandambili za marehemu. Nikamkaushia.

Jumanne hiyo nikasema liwalo na liwe. Nikapitia mlango wa nyuma nisionekane.

Nikasikia nilichosikia.

Nikachungulia jikoni. Mpishi alikuwa anapiga soga na mhudumu wake, dada mmoja mnene, mcheshi. Akafungua friji, akatoa chupa kubwa ya mdomo mpana. Juu ya kifuniko, karatasi. Mwandiko wa mke wangu! Kusoma nasoma kwa kubabaisha, lakini mwandiko ule naujua. Ndio ulionijazia kila fomu ya maisha yangu.

Mpishi akalegeza kifuniko. Chupa ikafanya fsss. Akainamisha pua, akafumba macho.

"Pumua, mama," akasema. "Pumua."

Wakuu, hapo ndipo kilipoumana.

Sikumbuki kuingia. Nakumbuka tu chupa ikiwa mikononi mwangu.

"Shemeji, taratibu, hiyo ni..."

"Shemeji wa wapi? Akiwa hai ulikuwa naye mchana kutwa, na kafa bado unamnusa?"

"Baba, nakuomba, iweke chini," mhudumu akasema.

Nikaiweka chini. Kwa kuitupa.

Ikapasuka vipande mia. Kabichi ikatapakaa mpaka chini ya jiko.

Nilitegemea kuona wekundu, maana kabichi yote ya pale huwa nyekundu. Hii ilikuwa nyeupe pe, na vijiti vyembamba vya tangawizi.

Mpishi hakunifokea. Alikaa juu ya kreti kama mtu aliyekatwa miguu.

"Mzigo wako ndio huo," akasema.

"Mzigo gani?"

"Hiyo haina pilipili hata punje. Alisema, mzee wangu tumbo lake bovu, ila siku atakayokubali kuja kula hapa, nitamfungulia mwenyewe. Akatukataza wote kuonja. Akatukataza na kukuambia. Alisema ukijua, utasema anakuhonga."

Ni kweli. Ningesema hivyohivyo.

"Miezi mitatu kila siku naitoa gesi," mpishi akaongeza, "isije ikapasuka."

"Na huo mkono unaousikia?"

Mhudumu ndiye aliyejibu, kwa hasira, machozi yanamtiririka. "Mkono wa kupika, baba! Ladha! Pipa lake la mwisho la nyekundu ndilo tunalouza sasa hivi. Hujawahi kusikia mtu akiambiwa ana mkono?"

Nimesikia. Mama yangu mzazi walikuwa wakimwambia hivyo. Wivu ndio ulioniziba.

Nikapiga magoti niokote hata jani moja. Mhudumu akanidaka mkono.

"Imejaa vigae, baba. Utajichana koo."

Mpishi akaleta fagio. Alifagia mwenyewe, taratibu, kama anayefagia kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Wanaume wenzangu, kama mkeo kapika vizuri, mwambie. Mwambie akiwa bado anasikia. Kaburi halina masikio.

Ila na mpishi sitamsamehe haraka. Mtu mwenye funguo za friji, aliyetuma ujumbe mara tatu, alishindwa nini kuongeza neno moja tu, kwamba ni chakula? Wakubwa hupenda kutunza siri ya mtu kuliko kumtunza mtu. Na wivu wangu haujaisha, nakiri. Yeye aliinusa kila siku.

Nilirudi kumuuliza. Akasema harufu si ladha, hakuonja. Mhudumu hakuonja. Hakuna aliyeonja.

Basi niambieni nyinyi mnaosoma: ile kabichi nyeupe aliyonitengenezea mke wangu, ilikuwa na ladha gani?