Nafasi Tupu Katikati ya Shairi

Mimi ni mtunza maktaba, na huyu binti wa shahada ya uzamivu simwamini hata chembe. Mwaka wa tatu sasa anaomba kitabu kilekile cha mashairi ya Wagiriki wa kale, anafungua ukurasa uleule, anapapasa kwa kidole nafasi tupu iliyoachwa katikati ya shairi. Ati karatasi ya asili ililiwa na wadudu! Akikirudisha, nahesabu kurasa mbele yake; yeye husubiri tu, vidole vimejaa wino. Leo nikamnasa: kwenye ile nafasi kuna maneno manne ya penseli.

“We binti, kitabu cha watu hiki!”

“Nisamehe, mama. Nilidhani nimeyapata maneno yaliyoliwa.”

Akayasoma kimoyomoyo, akayafuta, akapuliza vumbi la ufutio. Nikahesabu kurasa. Zimetimia. Lakini naapa kuna kitu kimepungua.